Sanduku Tupu Linaposema: Kutoka Kadi za Toyota hadi Vihisi Visivyo na Waya

Juma hili tuziache simu na wavuti kidogo, tuingie kiwandani. Wengi wetu tunaoandika programu tumefanya kazi mbele ya ubao wa kanbani: safu tatu au nne, vijikaratasi vya rangi, kila kimoja kikisogezwa kutoka kazi inayosubiri hadi kazi iliyokamilika. Neno hilo tumeliazima tu. Lilikuja kwetu kutoka karakana ya magari huko Japani, miaka ya 1950, na lilikuwa jibu la swali ambalo ukilisikia utadhani ni dogo: fundi anayefunga bolti kwenye gari linalozidi kusogea, mikono yote miwili ikiwa na kazi, atamwarifu vipi mtu wa stoo kwamba bolti zinakaribia kwisha?

Swali hilo limejibiwa kwa kadi, kisha kwa karatasi yenye msimbo, kisha kwa kitufe cha redio, na sasa kwa sanduku lenye kihisi kinachotuma habari bila waya. Ukisoma matangazo ya wauzaji, hadithi ni ya maendeleo matupu: kila hatua ina kasi kuliko iliyotangulia. Mimi naisoma tofauti kidogo. Kadi ya karatasi ilikuwa na sifa moja ambayo redio haina, na sehemu kubwa ya kazi ya wahandisi kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa ni kuirudisha sifa hiyo kwa njia ya programu.

Tuanze pale ambapo gari lilianza kusogea. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Henry Ford na wahandisi wake walianza kulivuta gari mbele ya mafundi badala ya mafundi kulizunguka gari. Kufikia mwaka 1914, muda wa kuunganisha fremu ya Model T ulikuwa umeshuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Faida hiyo kila mtu anaijua. Hasara yake hutajwa mara chache: laini ikishakuwa moja, kukosekana kwa kitu kimoja mahali pamoja husimamisha kila kitu kila mahali. Dawa ya Marekani ilikuwa rundo. Weka sehemu nyingi kando ya laini, nyingine nyingi zaidi stoo, na wakaguzi wa kuhesabu. Nchi yenye nafasi na mtaji iliweza kugharamia marundo hayo kwa miaka mingi bila kuumia sana.

Toyota haikuweza. Kampuni hiyo ilianzishwa na Kiichiro Toyoda mwaka 1937, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza pale kusema sehemu zifike wakati zinapohitajika, si kabla. Vita vikaja, vikaisha, na mwaka 1950 kampuni ilikuwa karibu kufilisika. Kukawa na mgomo, zaidi ya wafanyakazi 2,000 wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Ukiwa na historia hiyo, rundo la sehemu kando ya laini halionekani kama akiba. Ni pesa zilizolala sakafuni wakati benki inabisha mlango.

Aliyeligeuza wazo la Kiichiro kuwa utaratibu wa kila siku ni Taiichi Ohno, aliyezaliwa mwaka 1912 huko Dalian, China. Hakuwa mtu wa magari kwa asili. Alianza katika kampuni ya nguo ya ukoo wa Toyoda na akahamia kwenye magari mwaka 1943. Kule kwenye nguo alikuwa ameona mashine ambayo baba yake Kiichiro, Sakichi Toyoda, aliikamilisha mwaka 1924: kitanda cha kufumia kilichosimama chenyewe uzi ulipokatika. Ukitaka kujua kihisi cha kwanza katika hadithi hii, mimi nakitaja hicho. Hakikuwa na umeme wa kupeleka habari wala tarakilishi ya kuipokea. Uzi wenyewe, kwa kukaza au kulegea, ndio uliotoa habari.

Wazo la pili la Ohno lilitoka dukani. Alikuwa amesikia habari za supamaketi za Marekani kabla ya kuziona kwa macho yake mwaka 1956. Kilichomvutia ni rafu. Mteja huchukua pakiti mbili za maziwa, nafasi mbili hubaki wazi, na mhudumu hujaza nafasi hizo mbili tu. Hakuna mtu anayeketi ofisini kukisia leo watu watakunywa maziwa kiasi gani na kuyasukuma dukani kwa nguvu. Rafu yenyewe inaita. Ohno aliwaza: kituo kinachofuata kwenye laini ndicho mteja, na kituo kilichotangulia ndicho duka. Mwaka 1953 aliujaribu utaratibu huo katika karakana ya mashine ya kiwanda kikuu, na ilipofika mwaka 1962 ulikuwa umeenea kampuni nzima.

Chombo cha kuitia kilikuwa kipande cha karatasi ndani ya plastiki: jina la sehemu, nambari yake, inakotoka, inakokwenda, na idadi inayokaa katika sanduku moja. Wajapani waliiita kanbani, neno wanalolitumia pia kwa bango la duka. Fundi akianza kutumia sanduku jipya, anaitoa kadi yake na kuiweka mahali palipotengwa. Mtu wa kuzunguka anazikusanya kadi, anazipeleka zinakotoka sehemu, na kila kadi inarudi ikiwa imeambatana na sanduku lililojaa. Mtu huyo wa kuzunguka walimpa jina la mdudu yule anayezungukazunguka juu ya maji, kwa sababu kazi yake haimruhusu kutulia.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini. Tuseme kituo kimoja kinatumia sehemu 60 kwa saa, sanduku linachukua 20, na kutoka kadi inapotolewa hadi sanduku jipya linapofika ni saa 2. Katika saa hizo 2 kituo kitakula sehemu 120, yaani masanduku 6. Ongeza moja la tahadhari, unapata kadi 7. Ukichapisha kadi 7, basi hata dunia ipinduke, hakutakuwa na masanduku zaidi ya 7 ya sehemu hiyo kiwandani, kwa sababu sheria ilisema hakuna sanduku linalotengenezwa wala kusogezwa bila kadi. Meneja akitaka kupunguza akiba, haandiki waraka. Anaichomoa kadi moja na kuitia mfukoni, kisha anangoja aone nani atalalamika. Ikiwa hakuna, anachomoa nyingine.

Hebu tuliangalie jambo hili kwa macho ya mwandishi wa programu. Kadi si ujumbe unaosema "leteni bolti". Ni ruhusa ya kuleta sanduku moja, na ruhusa hiyo iko mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Haiwezi kunakiliwa kwa bahati mbaya. Haiwezi kufika mara mbili. Ikiwa iko kwenye ndoano ya stoo, haiko kwenye sanduku. Jumla ya kadi ndiyo kikomo cha mfumo mzima, na kikomo hicho hakihitaji seva ya kukilinda. Sisi tunatoa jasho kupata sifa hizo kwenye mifumo iliyosambaa mitandaoni. Ohno alizipata kwa karatasi na plastiki.

Kadi ilikuwa na udhaifu wake, na sitaki kuipamba. Inatembea kwa mwendo wa miguu ya binadamu. Inaanguka nyuma ya mashine, na kadi moja ikipotea, sanduku moja linapotea kwenye mzunguko bila mtu kutambua hadi laini inaposimama. Na kiwanda cha muuza sehemu kikiwa mbali kwa safari ya lori ya saa kadhaa, kadi hupanda lori na kushuka nalo, huku habari iliyomo ikizeeka njiani.

Hatua ya kwanza ya kuipa kadi kasi ni ile mistari meusi tunayoiona kwenye pakiti za unga. Denso, kampuni ya sehemu za magari iliyotengana na Toyota mwaka 1949, iliichapisha mistari hiyo juu ya kadi ili ziweze kusomwa na mashine. Lakini mstari wa namna hiyo ulibeba herufi zipatazo 20 tu, na kadri aina za magari zilivyoongezeka, kadi moja ilihitaji mistari kadhaa. Wafanyakazi wakawa wanachanganua misimbo hadi 1,000 kwa siku. Ni malalamiko yao yaliyomfanya Masahiro Hara na kundi lake dogo watengeneze, mwaka 1994, msimbo wa mraba unaobeba hadi tarakimu 7,089. Ili mashine iutambue upesi katikati ya maandishi mengine, walichunguza magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta uwiano wa weusi na weupe unaotokea kwa nadra kabisa, wakaupata: 1:1:3:1:1. Ndio ile miraba mitatu ya pembeni. Kwa hivyo msomaji, unapoelekeza simu yako kwenye msimbo wa QR chini ya risiti, unatumia kifaa kilichobuniwa ili sanduku la sehemu za gari lisichelewe. Denso waliushika hataza wake lakini wakaamua kutodai malipo kwa wanaoutumia, na hilo peke yake lingestahili makala.

Tarehe 1 Februari 1997, kabla ya alfajiri, kiwanda cha Aisin Seiki katika mji wa Kariya kiliungua. Kilikuwa kikitengeneza karibu valvu zote za kusawazisha breki zilizotumika kwenye magari ya Toyota, kitu kidogo cha kushikwa mkononi. Kwa sababu akiba ilikuwa imechomolewa kadi baada ya kadi kwa miongo kadhaa, valvu zilizobaki hazikutosha hata juma moja, na viwanda vya Toyota nchini Japani vikaanza kusimama kimoja baada ya kingine. Kampuni zaidi ya 60, nyingi zikiwa hazijawahi kutengeneza valvu, zilipewa michoro na zikaanza kuzikata kwa mashine zozote walizokuwa nazo. Siku chache baadaye magari yakaanza tena kutoka. Watu huinukuu habari hii kwa sababu mbili zinazopingana, wengine kuonyesha kwamba akiba ndogo ni ujinga, wengine kuonyesha kwamba ni nguvu. Mimi nachukua jambo la tatu. Akiba ikiwa nyembamba namna hii, habari ya sanduku kuisha ina thamani kama sanduku lenyewe. Dakika zinahesabika.

Mwaka huohuo wa 1997, upande wa pili wa Pasifiki, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Profesa Kris Pister alikuwa akiomba fedha kwa shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, kwa mradi alioupa jina la vumbi lenye akili. Alitaka tarakilishi ndogo kama chembe, yenye kihisi, betri na njia ya kuwasiliana, itawanywe kama mchanga. Hakuwa akifikiria bolti. Mwezi Machi 2001, kule Twentynine Palms katika jangwa la California, ndege ndogo isiyo na rubani iliangusha nodi chache kando ya barabara, zikapatanisha saa zao zenyewe kwa redio na kuhesabu magari yaliyopita kwa kuhisi chuma chake. Mwaka 2002, nodi 32 ziliwekwa kwenye Great Duck Island, jimbo la Maine, nyingine ndani ya mashimo ya ndege wa baharini, ili watafiti wajue joto na unyevu bila kuwasumbua ndege kwa miguu yao.

Vifaa vyenyewe vingekuchekesha. Nodi maarufu ya wakati ule, Mica2, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 4 za kufanyia kazi na kilobaiti 128 za kuwekea programu. Juu yake kulikuwa na mfumo wa uendeshaji uitwao TinyOS, ulioandikwa Berkeley, ambao karibu muda wote ulikuwa umelala. Kulala ndiyo ilikuwa kazi yake kuu. Redio inapowashwa ndipo betri inapoliwa, na wala haijalishi sana kama unazungumza au unasikiliza tu.

Kilichovileta vifaa hivi kiwandani ni bei ya waya. Kihisi chenyewe kinaweza kuwa cha bei ya chini. Kumlipa fundi umeme apitishe bomba la waya juu ya dari, juu ya mikanda na kreni, ndiko kunakogharimu. Na laini ya kuunganisha magari haitulii. Kila modeli mpya inapoingia, rafu zinahamishwa, na waya zilizovutwa mwaka juzi zinabaki zikining'inia pasipokuwa na kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Intel na wenzao walichapisha matokeo ya kuweka nodi za aina hii ndani ya kiwanda cha chipu na ndani ya meli ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, zikipima mtetemo wa mashine ili kujua ni ipi inakaribia kuharibika. Hapo hakukuwa na masanduku ya bolti, lakini kulithibitika kwamba nodi zilizozaliwa maabara zinaweza kuzungumza katikati ya chuma.

Kwa upande wa masanduku, jibu la kwanza la redio lilikuwa rahisi zaidi: kitufe. Kampuni ya WhereNet ya California iliuza vitufe vidogo vya betri vilivyobandikwa kando ya rafu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ford ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Fundi anabonyeza, ishara inapokelewa na antena darini, na dereva wa foklifti anaona kwenye skrini yake kwamba kituo fulani kinahitaji sanduku. Mwaka 2007 WhereNet ilinunuliwa na Zebra, wale wa mashine za kuchapisha lebo.

Sasa fikiria fundi aliyebonyeza kitufe na kuona dakika tano zimepita bila kitu. Anafanya nini? Anabonyeza tena. Halafu tena, kwa nguvu zaidi, kama tunavyofanya kwenye lifti. Je, hayo ni masanduku matatu au ni moja? Kadi isingeuliza swali hilo, kwani fundi hana kadi ya pili ya kutoa. Kitufe hakina kikomo ndani yake. Vilevile kitufe kikitoa ishara na jibu lisirudi, hakiwezi kujua kama ni ishara iliyopotea au ni jibu lililopotea. Kikirudia, huenda kimeagiza mara mbili. Kikinyamaza, huenda hakijaagiza kabisa. Kila aliyewahi kuandika programu ya malipo kwa simu anaujua mtego huu.

Suluhisho mbili zilitumika. La kwanza ni kuipa kila agizo nambari, ili ujumbe uleule ukifika mara tatu uhesabiwe mara moja, na kuikataza programu kupokea agizo jipya la sanduku ambalo agizo lake la kwanza halijafungwa. Yaani wameichora kadi upya ndani ya hifadhidata. La pili nalipenda zaidi: acha kutuma tukio, tuma hali. Badala ya kitufe kinachosema "nimebonyezwa", weka mizani chini ya sanduku inayosema "sasa hivi nina kilo mbili". Ujumbe huo ukipotea, utakaofuata utasema jambo lilelile. Ukifika mara tatu, hakuna anayedhurika. Mwaka 2013 kampuni ya Ujerumani ya Würth, inayouza skrubu na nati kwa viwanda, ilionyesha sanduku lenye kamera ndogo inayotazama ndani, inakadiria zimebaki ngapi, na kutuma agizo lenyewe. Fundi habonyezi chochote, anachota tu.

Lakini hayo yote yanahitaji ujumbe ufike, na kiwanda cha magari ni mahali pabaya kwa redio. Kila kitu ni chuma. Mawimbi yanagonga, yanarudi, yanakutana njiani, na pale yanapokutana vibaya yanafutana. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vifaa vingi vya aina hii, urefu wa wimbi ni kama sentimita 12 na nusu. Kwa hivyo kusogeza antena sentimita chache kunaweza kutofautisha kusikika na kutosikika. Unaweka nodi Jumatatu, inafanya kazi vizuri. Jumanne dereva anaegesha foklifti yake mita moja pembeni, nodi inanyamaza. Ongeza na mitandao ya Wi-Fi ya ofisini inayotumia masafa hayohayo.

Kiwango cha IEEE 802.15.4, kilichotolewa mwaka 2003, kiligawa masafa hayo katika chaneli 16, na mitandao ya mwanzo iliyojengwa juu yake ilichagua moja na kukaa hapo. Lililofutwa kwenye chaneli moja, hata hivyo, mara nyingi husikika vizuri kwenye nyingine, kwa kuwa urefu wa wimbi umebadilika kidogo. Pister, ambaye mwaka 2002 alianzisha kampuni ya Dust Networks, alilijenga jibu lake juu ya hilo. Nodi zote zinashika saa moja. Muda unagawanywa katika vipande vidogo, kila jozi ya nodi inajua kipande chake, na kila mara zinapokutana zinaruka kwenda chaneli tofauti. Jaribio la kwanza likikwama, la pili linafanywa kwenye chaneli nyingine, pengine kupitia jirani mwingine. Kwa kuwa kila nodi inajua itaamka lini, inaweza kulala usingizi mzito muda uliobaki. Wazo la kuruka masafa ni la zamani, mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi George Antheil walilipatia hataza Marekani mwaka 1942 wakiwaza juu ya topido, lakini kulipanga kwa ratiba kwenye vifaa vya betri ndogo ilikuwa kazi mpya. Utaratibu huo uliingia kwenye kiwango cha viwandani cha WirelessHART mwaka 2007, kikiwa na vipande vya muda vya milisekunde 10, kisha kwenye IEEE 802.15.4e mwaka 2012. Dust Networks ilinunuliwa na Linear Technology mwaka 2011, nayo ikamezwa na Analog Devices mwaka 2017. Vumbi lilifika dukani, ingawa si kwa udogo wa chembe ulioahidiwa.

Je, kihisi kinaona alichokiona fundi? Hapa ndipo nina mashaka. Mizani inajua uzito, haijui kwamba bolti zilizoletwa ni za milimita 8 na zinazotakiwa ni za 10. Kamera haijui kwamba nusu ya nati zilizomo zina kutu na fundi ameziruka moja baada ya nyingine hadi zimejaa chini ya sanduku. Fundi akilitoa sanduku kwenye mizani na kuliweka sakafuni karibu na goti lake, kwa sababu mgongo unamuuma, mfumo unaona sanduku tupu na kumletea jingine. Fundi aliyekuwa akiitoa kadi kwa mkono wake alikuwa pia akitoa uamuzi, na Toyota walilijua hilo: kamba ya kuita msaada na kusimamisha laini ilining'inia juu ya kichwa cha kila mfanyakazi. Na kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Sanduku linalohesabu kila nati inayotoka linahesabu pia kasi ya mkono unaoitoa. Anayejenga mfumo wa bolti anaweza, bila kuongeza kifaa chochote, kuwa amejenga saa ya kumpima mfanyakazi, na ni nani ataisoma ripoti hiyo ni jambo la kuamuliwa kabla ya nodi ya kwanza kubandikwa.

Hapa kwetu, magari yanayounganishwa Thika na Mombasa kwa kawaida hufika yakiwa vipande ndani ya makasha kutoka ng'ambo, kwa hivyo kitu kikikosekana rafu ya kuitia haiko chumba cha pili, iko ng'ambo ya bahari. Kihisi chini ya sanduku kingetusaidia kujua mapema, lakini meli haina haraka.

Halafu kuna betri. Kiwanda kikiwa na nodi 10,000 na kila betri ikidumu miaka 5, ni betri 2,000 kwa mwaka, yaani tano au sita za kubadilishwa kila siku inayopambazuka. Yule mdudu wa majini aliyeondolewa kwenye kukusanya kadi anarudi na mkoba wa betri.

Lililonifanya niandike makala haya, hata hivyo, ni mambo mawili ya karibuni, na yote ni ya Toyota yenyewe. Kadi za karatasi zilikuwa zimesambaa: kila kituo na ndoano yake, na hitilafu ya mmoja ikiwahusu majirani zake wawili kwanza. Kielektroniki, maagizo yote yanapita sehemu moja. Tarehe 1 Machi 2022 kampuni ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini Japani, laini 28, kwa sababu muuzaji wake mmoja wa sehemu za plastiki, Kojima Industries, alikuwa ameshambuliwa kwa virusi vya tarakilishi. Yapata magari 13,000 ya siku hiyo hayakutengenezwa. Hakuna sehemu iliyoungua. Hakuna barabara iliyokatika.

La pili linawahusu zaidi wenzangu wa fani hii. Tarehe 27 Agosti 2023 ilikuwa siku ya matengenezo ya kawaida ya seva zinazoshughulikia maagizo ya sehemu. Data iliyokuwa imelimbikizana kwenye hifadhidata ilikuwa ikifutwa na kupangwa upya, na katika kuipanga nafasi ya diski ikaisha. Mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwa zikiendeshwa kwenye mfumo uleule, kwa hivyo nazo zilikwama vilevile, na hakukuwa na pa kuhamia. Tarehe 29 viwanda vilianza siku 12 vikiwa kimya, na kufikia zamu ya pili vyote 14 vilikuwa vimesimama. Data ikahamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi, na kesho yake magari yakaanza kutoka tena. Kampuni ilieleza hayo waziwazi katika taarifa yake ya mwanzoni mwa Septemba, na kusisitiza kwamba halikuwa shambulio.

Kampuni iliyoufundisha ulimwengu kuhesabu masanduku kwa kadi saba ilisimama kwa kukosa nafasi ya diski. Siku ile, fundi yeyote aliyesimama mbele ya rafu angeweza kuona kwa macho ni sanduku lipi limebaki na bolti ngapi, na mtu wa upande wa pili alikuwa nazo, zimepangwa, zikingoja tu kuitwa.